Pampu Iliyokufa Mapema: Mwongozo wa Kuzijua Spea za Kupozea Injini

Katika muda wa miezi 14 nilinunua pampu 3 za maji kwa ajili ya motokaa moja, na zote 3 zilikufa kifo cha namna moja: kwanza chozi jekundu chini ya shingo ya pampu, kisha tone, kisha mchirizi, na hatimaye sindano ya joto kupanda hadi mahali pa kutia hofu, mara ya mwisho nikiwa nusu ya mpando wa kutoka Mombo kwenda Lushoto, pale ambapo upande mmoja ni jabali na upande wa pili ni bonde, na gari lililochemsha halina pa kuwapisha wenzake. Nilimlaumu muuza spea, nikawalaumu watengenezaji wa ng'ambo, nikalilaumu na lile sanduku zuri lenye chapa ya kung'aa lililonivutia macho. Lakini pampu zenyewe sikuzisaili neno, kwa sababu mbili za kwanza, mara zilipofunguliwa, zilitupwa katika pipa la vyuma chakavu kabla sijazitia mkononi.

Ya tatu peke yake ndiyo iliyosalimika, kwa kuwa ilifunguliwa na mzee mmoja fundi wa rejeta pale Tanga, mtu aliyeanza kazi ya lehemu zama za malori ya Bedford, naye hakuitupa, bali aliipangusa kwa kitambaa, akaielekeza kwenye mwanga wa jua, akanipa niishike. "Mwanangu," akasema, "kabla hujanunua nyingine, isome hii kwanza." Nikamwambia, "Mzee, nisome nini katika chuma kilichokwisha kufa?" Ndipo akanionyesha mikwaruzo ya duara juu ya uso wa sili, mfano wa mikwaruzo ya mchanga juu ya kioo, na kutu iliyoganda nyuma ya mapanga, laini kama unga wa mdalasini, kisha akaniitia karai la maji yaliyotolewa katika injini, nayo yalikuwa mekundu kama maji ya kukandia udongo. Kutu ile ilikuwa imeisaga sili, na kutu haikuletwa na pampu. Ilitokana na maji ya kisima niliyokuwa nikiyajaza kila Jumamosi kwa mkono wangu, nikidhani nalitunza gari.

Tangu siku hiyo nimeshika rai moja, nayo ndiyo mzizi wa mwongozo huu: ujuzi wa kuitambua spea njema hauanzi dukani mbele ya kabati la kioo, bali huanza gerejini mbele ya spea iliyokufa, na mnunuzi asiyejua iliyotangulia ilikufa kwa sababu gani, hununua kwa fedha yake halali marudio ya kifo kile kile. Sisemi kwamba malalamiko ya wenye magari hayana haki. Bidhaa ghushi zipo, na zipo nyingi hata serikali zimelazimika kuzitungia sheria, Tanzania Bara ikiwa na Tume ya Ushindani yenye jukumu la kuzisaka, na Kenya ikiwa na sheria yake mahsusi ya mwaka 2008. Nisemalo ni kwamba jicho liwezalo kuitenga pampu ghushi na pampu ya haki ni jicho lile lile liwezalo kutenga pampu iliyozaliwa dhaifu na pampu iliyouawa, na jicho hilo halipatikani kwa kusoma maandishi ya sanduku.

Msomaji na akumbuke kwanza ukubwa wa kazi inayotakiwa. Injini ya petroli, kwa makadirio ya kawaida, hugeuza takriban theluthi moja tu ya joto la mafuta kuwa nguvu ya kuzungusha magurudumu. Theluthi ya pili hutoka pamoja na moshi, na inayobaki sharti ichukuliwe na maji kutoka katika kuta za silinda hadi kwenye rejeta, dakika baada ya dakika, mchana wa jua kali la Chalinze kama usiku wa baridi ya Makambako. Maji hayo hayana kiungo kimoja yanachokitegemea. Yana pampu ya kuyasukuma, thamostati ya kuyapimia njia, rejeta ya kuyapoza, mipira ya kuyapitisha, feni ya kuyapulizia upepo na kifuniko cha kuyabana. Kiungo kimoja kikidhoofika, mzigo wake huwaangukia wenzake, na ndiyo maana aliyebadilisha rejeta huenda akaona pampu inafuata baada ya mwezi, akadhani amelogwa.

Nianze na kilicho kidogo kuliko vyote, yaani kifuniko cha rejeta, ambacho aghalabu hakitiliwi shaka. Maji yaliyo wazi huchemka kwa digrii 100 huku pwani, na kule Lushoto, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, huchemka yakikaribia digrii 95 tu. Lakini maji yaliyobanwa na kifuniko kizima chenye chapa ya 0.9 hayachemki pwani mpaka yafike karibu digrii 118, na yakibanwa na kile cha 1.1 huipita kidogo digrii 120. Kwa hiyo kifuniko si kizibo cha kuzuia maji yasimwagike na basi. Ni mizani ya shinikizo, yenye springi na vali 2, moja kubwa ya kuyaachia maji yanapozidi, na moja ndogo katikati, ya kuyarudisha kutoka chupa ya akiba injini inapopoa. Kilicho chema mpira wake ni laini na unene wake ni sawa pande zote, springi yake husimama wima na kurudi kwa nguvu ile ile kila ukiibonyeza, na ile vali ndogo, ukiivuta kwa ncha ya ukucha, hufunguka bila ukaidi na kujifunga yenyewe mara uiachapo. Kilicho kibaya bati lake ni jepesi na kingo zake hukwaruza kidole. Na cha zamani kilichokufa hujishuhudia chenyewe: ukiamka asubuhi ukauona mpira wa juu wa rejeta umenywea kama kiriba kilichomwagwa maji, jua kwamba vali ndogo imeziba na maji hayarudi. Wapo mafundi wanaodhani watalitibu gari linalochemsha kwa kuondoa kifuniko cha 0.9 na kutia cha 1.1, hao huhamisha tu mahali pa kupasukia, kwani tangi la plastiki lililozeeka halikuulizwa kama litaweza kuubeba mzigo huo wa ziada.

Juu ya thamostati nina neno zito zaidi, kwa sababu katika nchi zetu haifi mapema. Huuawa kabla ya kufa. Imekuwa ni ada katika magereji mengi, likija gari linalochemsha, kuitoa thamostati na kuitupa, kwa hoja kwamba hiki ni kiungo cha nchi za baridi, na sisi wenye jua hatukihitaji. Hoja hiyo ni batili. Ndani ya thamostati mna nta maalumu iliyofungiwa katika kikombe cha shaba, nayo inapoyeyuka kwa joto hutanuka na kuisukuma vali ifunguke. Kazi yake ni kuiweka injini katika joto ililosanifiwa, si kuipasha tu asubuhi ya barafu. Injini isiyo na thamostati hukaa baridi kupita kiasi kwenye barabara ndefu, hula mafuta mengi na kuta za silinda zake hulika haraka. Zaidi ya hayo, katika injini nyingi za Kijapani, ambazo ndizo tulizo nazo, kiungo hicho kina bamba la chini linaloufunga mlango wa pembeni pale mlango mkubwa unapofunguka. Ukikiondoa, mlango wa pembeni hubaki wazi daima, sehemu ya maji huzunguka katika injini bila kufika kwenye rejeta, na gari ulilotaka kulipoza huzidi kuchemsha mlimani. Toyota, katika vitabu vyake vya mafundi vya baadhi ya injini zake, imekataza waziwazi kuiondoa thamostati hata kama injini ina tabia ya kuchemsha.

Faraja ni kwamba katika spea zote za kupozea, hii ndiyo ambayo mnunuzi anaweza kuijaribu kwa mkono wake mwenyewe jikoni, bila fundi na bila gharama. Itazame kwanza: penye bamba lake pamepigwa chapa ya digrii, mara nyingi 82 au 88, na chapa hiyo ilingane na ile ya thamostati ya asili, si na maneno ya muuzaji. Kisha uifunge kwa uzi, uining'inize katika sufuria ya maji isiguse chini, utie na kipimajoto, uwashe moto wa wastani. Iliyo njema huanza kufunguka ikiikaribia chapa yake, haitangulii digrii 10 wala haichelewi 10, na ile ya 82 inapofika digrii 95 huwa imekwisha kuinuka milimita 8 au zaidi; kisha ukiitia katika maji ya baridi hufunga barabara, na ukiitazama dhidi ya mwanga huoni uwazi ukingoni. Inayofunguka nusu na kusita, au inayofunguka upande, irudishe dukani siku hiyo hiyo ingali na unyevu wa sufuria. Na wakati wa kuifunga, kile kijisumari kinachochezacheza katika tundu la bamba kikae juu, kwa kuwa ndicho kinachoitolea hewa njia. Hewa iliyonaswa ndani ya injini imewahi kuipa thamostati njema jina la ubovu.

Sasa nije kwenye rejeta, ambako kuna mengi. Wilhelm Maybach alipoisanifu Mercedes ya nguvu za farasi 35 mwaka 1900, aliipa rejeta ya mirija midogo 8,070 ya pande 4, kila mmoja upana wake milimita 6, hewa ikipita ndani na maji yakiizunguka kwa nje, na tangu hapo kanuni haikubadilika: kulitandaza joto juu ya eneo kubwa kadiri iwezekanavyo mbele ya upepo. Kilichobadilika ni madini. Rejeta za ujana wa mzee wangu zilikuwa za shaba zilizoungwa kwa lehemu ya risasi na bati, nzito, na zenye kukubali tiba. Mrija ukitoboka, fundi aliusafisha, akaupasha moto, akautia lehemu, na rejeta ikarudi barabarani kwa miaka mingine. Za leo ni mapezi na mirija ya alumini, na matangi 2 ya plastiki yaliyobanwa kwenye alumini kwa meno yaliyokunjwa juu ya mpira mwembamba. Wazee wa lehemu huzidharau, nami siwaungi mkono katika dharau hiyo yote, maana alumini ni nyepesi, na iliyotengenezwa kwa ustadi hupoza vizuri sana. Lakini ni kweli kwamba plastiki huzeeka kwa joto kama ngozi ya binadamu izeekavyo kwa jua, na gari linaloshushwa bandarini kwetu halikuzaliwa siku hiyo. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita umri wa miaka 8, na Tanzania huliruhusu kongwe zaidi kwa kulitoza ushuru wa ziada. Hivyo mwenye kulinunua gari lake "jipya" hununua pia tangi la plastiki lililokwisha kutumia sehemu kubwa ya umri wake huko Japani. Likipasuka mwaka wa pili, huo si ufu wa mapema ijapokuwa kwa mwenye gari waonekana hivyo.

Rejeta iliyokufa isomwe hivi. Tangi lake la juu likiwa limegeuka rangi ya kahawia na likikatika kwa mlio mkavu kama kifuu cha nazi, limekufa kwa uzee, hasa pale shingoni panapoingia maji ya moto. Mirija ikiwa na unga mweupe na vitundu vilivyotobolewa kutoka ndani kwenda nje, imeliwa na maji ya chumvi au na umeme uliopotea njia. Na hili la umeme ni la kuzingatia sana, kwani waya unaounganisha betri na bodi ukilegea, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudia, hupita katika maji, na hula alumini kwa muda mfupi ajabu. Fundi umeme mwenye mita humaliza shaka hiyo kwa kuchovya ncha moja katika maji ya rejeta ingali baridi na nyingine kuigusisha kwenye ncha hasi ya betri, taa na feni zikiwashwa: mita ikisoma zaidi ya volti 0.3, hata ungeagiza rejeta ya dhahabu ingetoboka. Na rejeta isiyovuja bali iliyoziba hutambulika kwa kiganja: injini ikiwa imepata joto, izime na utoe ufunguo, maana feni ya umeme yaweza kuanza ghafla, kisha upapase uso wa mapezi kwa uangalifu, penye ubaridi katikati ya joto ndipo mirija iliposhindiliwa na chokaa.

Unapokwenda kununua, ile ya zamani uichukue uende nayo, na muuzaji akikuonea haya ya kubeba chuma kichafu, vumilia. Zilaze mbili hizo ubavu kwa ubavu. Pima unene wa kifua cha mapezi, kwa maana hapo ndipo wengi wanapoibiwa: rejeta ya asili yenye kifua cha milimita 26 huigizwa na nyingine ya milimita 16 yenye matangi ya ukubwa ule ule, ikaingia mahali pake bila shida, ikapoza kisawasawa mjini, na kuuonyesha udhaifu wake kwa mara ya kwanza gari likiwa na abiria 7 katika mlima wa Kitonga. Hesabu mapezi katika upana wa vidole vinne, kwa hii na kwa ile. Mwenye kughushi huyaweka mbali mbali ili kuokoa alumini. Iinue kwenye mwanga uone kama mapezi yamesimama kwa safu moja, yamegandamana na mirija kila yanapoigusa. Pitisha kidole juu ya meno yaliyobana tangi, yawe yamekunjwa kwa kina kimoja bila jino lililoachwa juu. Tafuta katika plastiki chapa ya PA66-GF30, iliyo alama ya nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo. Chapa peke yake si ithibati, kwani mwenye kuiga rejeta haoni tabu kuiga herufi, lakini plastiki yenye michirizi ya rangi mbili na kingo zenye manyoya haikutoka katika kalibu ya mtu makini. Kama rejeta ni ya gari lenye gia za otomatiki, usisahau kipoza mafuta kilichofichwa ndani ya tangi: hicho kikioza, maji huingia katika mafuta ya gia, mafuta yakawa na rangi ya chai ya maziwa, na gharama yake huzidi ya rejeta mara nyingi. Mwisho, mwombe muuzaji aizibe midomo, aitie upepo usiozidi shinikizo la kifuniko chake, na kuizamisha katika pipa la maji. Povu halijui kusema uongo. Muuzaji anayekataa jaribio hilo la dakika 5 amekwisha kukupa jibu.

Pampu ya maji ni kiungo cha usikivu zaidi kuliko cha macho. Ishike mkononi, uizungushe taratibu karibu na sikio: beringi njema huzunguka kwa uzito mdogo ulio sawa duara nzima, haina mkwaruzo wala mahali pa kusita, na wala haizunguki kwa wepesi wa gurudumu la baiskeli, maana wepesi huo ni dalili kwamba sili haikukaa juu ya uso wake. Isukume shafti huku na huko. Isicheze hata kidogo. Kisha itazame kwa ndani. Mapanga yawe ya chuma cha kalibu, ya bati lililopigwa, au ya plastiki, hayo yenyewe hayatoshi kutoa hukumu. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1990 yalionekana magari ya Ulaya ambayo mapanga yake ya plastiki yalipasuka na kuzunguka bure juu ya shafti, lakini plastiki njema imefanya kazi miaka mingi katika magari mengine. La kuhukumu ni umbali baina ya mapanga na ukuta wa bodi: yakikaa mbali husukuma maji kwa uvivu, yakikaa karibu mno hukwaruza. Uso wa kukalia gasketi uwe umechongwa kwa mashine, tambarare kama kioo cha dirisha, si kusuguliwa kwa msasa. Na lile tundu dogo la chini ya shingo, ambalo kazi yake ni kutoa habari sili inapoanza kuvuja, liwe wazi. Nimewahi kuona pampu ambayo tundu lake lilizibwa na rangi ya kupendezesha, maana yake maji yangekosa pa kutokea yakaingia katika beringi, na mwenye gari asijue lolote mpaka pampu ikwame.

Katika pampu iliyokufa yasomwe mambo matatu. Mikwaruzo juu ya sili ni kutu, mchanga au dawa za kuziba rejeta zinazouzwa kwa ahadi ya miujiza, pamoja na ndugu zake wa nyumbani, ute wa yai na unga wa pilipili, ambavyo huziba tundu moja leo na kuharibu viungo vinne kesho. Beringi iliyolegea upande mmoja, huku sili ingali nzima, ni mkanda uliokazwa kupita kiasi na fundi mwenye haraka. Na mapanga yaliyochimbika vishimo kama ubao ulioliwa na mchwa yamepigwa na mapovu ya mvuke, maana maji yalikuwa yakichemka yalipofikia pampu, kwa hiyo kosa litafutwe katika kifuniko, au katika uchache wa maji. Ni pampu isiyo na hata moja ya alama hizi, iliyofunguka sili au kuvunjika beringi ndani ya maji safi, kwa mkanda wa kadiri, ndiyo unayoweza kuibeba hadi dukani na kudai haki yako kwa kinywa kipana.

Kwa habari ya mipira, desturi ni kuitazama kwa nje, hali ya kuwa hufia ndani. Ibonyeze kwa kidole gumba na cha shahada karibu na klipu, kiasi cha upana wa vidole viwili kutoka mwisho, injini ikiwa baridi. Ukihisi mfereji laini chini ya vidole, nyuzi zake zimekwisha kuachana kwa ndani ijapokuwa ngozi ya nje yang'aa. Ukiuona umevimba na kuteleza, umekunywa mafuta, na mwenye kosa ni sili ya injini inayovujia juu yake. Mpira mwema mpya una kitambaa cha nyuzi kati ya tabaka mbili, na ukiutazama mdomoni unene wake ni mmoja pande zote. Ulio mnene upande na mwembamba upande ulitolewa kalibuni kwa pupa. Uwe umepindwa kiwandani kwa umbo la mahali pake, kwani mpira ulionyooka na kulazimishwa kona hujikunja ndani na kuyanyonga maji.

Feni haina mengi, ila nitaje lile koti lake la plastiki linalozunguka mapanga, ambalo likivunjika katika ajali ndogo fundi hulitupa na kusema si muhimu. Bila koti, feni huvuta hewa ya kando badala ya kuivuta kupitia mapezi, na gari lisilochemsha barabara kuu huanza kuchemsha katika foleni ya Ubungo. Mwenyewe akaenda kununua rejeta asiyoihitaji.

Nimeyaweka maji mwishoni kwa kuwa ndiyo yaliyoniponza. Ardhi ya pwani yetu kwa sehemu kubwa ni mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake yamebeba chokaa na chumvi: chokaa hujiganda katika mirija na kulizuia joto lisitoke, na chumvi huila alumini. Kulanti si anasa ya nchi za theluji. Hata pasipo barafu, dawa zilizomo huzuia kutu na huinua kiwango cha kuchemka, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu na maji safi ndio uliozoeleka. Usiihukumu kwa rangi, kwani rangi hutiwa na mtengenezaji apendavyo, na nyekundu ya huyu si nyekundu ya yule; soma katika chupa aina yake na magari iliyokusudiwa, na aina mbili usizichanganye. Maji ya kuchanganyia yawe yale yaliyokenekwa, yauzwayo kwa kujazia betri, ila soma chupa mara mbili, kwa sababu duka hilo hilo huuza na tindikali ya betri katika chupa inayofanana. Yakikosekana, maji ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza ni bora mara nyingi kuliko ya kisima.

Pampu yangu ya nne haikutoka katika duka la ghali kuliko yale ya awali. Ilitoka katika duka lile lile nililolishutumu. Mzee alikataa kuifunga siku niliyoileta. Kwanza aliifungulia injini maji, akaisafisha kwa mpira wa bomba kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu, akarudia siku ya pili, mpaka karai lilipotoka na maji ambayo ndani yake niliweza kuuona uso wa shilingi. Kisha akasuuza kwa maji yaliyokenekwa, akaizungusha pampu sikioni mwake, akaifunga, akajaza kulanti, akaiacha injini ivume kifuniko kikiwa wazi hadi hewa ya mwisho ilipotoka. "Wiki ya kwanza ikitoa unyevu kidogo usishtuke, baba, sili inajikalia," akaniambia, "ikitoa tone, rudi." Tundu lake latazama chini, halionekani kwa mtu aliyesimama, kwa hiyo naweka katika gari kioo kidogo cha kunyolea pamoja na tochi, na kila mwisho wa mwezi, kabla injini haijawashwa, huinama na kulitazama. Mwaka wa sita huu unakwenda, na bado ni kavu.